Anayejibu Nipo

Tuanze na kinyaa, maana ndicho kilichoanza. Wengine hufungua hadithi zao kwa jua linalochomoza. Hii inafunguka kwa harufu ya pilau ndani ya ukumbi wa mashine, harufu iliyokaa humo muda mrefu hata chokaa ya ukutani ikageuka rangi ya mchuzi. Binti mmoja aitwaye Sikudhani aliisikia tangu getini. Akameza mate, akaingia. Ndivyo alivyoingia kila asubuhi kwa miaka saba, au kwa asubuhi moja iliyorudiwa miaka saba. Mahali pale tofauti hiyo haikuwa kubwa, na sababu yake nitaieleza, subirini.

Ukumbi huo ulikuwa katika mji ambao wenyeji wake waliuita Mji basi, kana kwamba duniani hakuna mwingine. Mwingine ulikuwepo. Ulikuwa ng'ambo ya korongo, ukiitwa Upande wa Pili, na zamani yote miwili ilikuwa mji mmoja, watu wakipita darajani na vikapu vyao bila kuulizwa majina. Daraja likavunjwa. Nani alilivunja? Idara, yenye ukumbi ule, ilisema lilikuwa limechoka. Nyaya za mawasiliano zilizopita chini yake zikakatika nalo, waliokuwa huku wakabaki huku na waliokuwa kule wakabaki kule. Sikudhani alikuwa huku. Mama yake, Bi Mashavu, mshona kofia, alikuwa kule kwenye Mtaa wa Washonaji. Siku mawe yalipoanza kuporomoka, Sikudhani alisimama ukingoni akapiga kelele mpaka koo likamkauka: "Mama, nitakuletea waya mpaka mlangoni!" Hakujua kama alisikiwa. Kwa ajili ya maneno hayo aliomba kazi Idarani, na kwa ajili ya maneno hayo alilivumilia pilau.

Idara ilichimba mtaro hatua mia mbili kuelekea korongoni, ikauacha wazi. Ikaleta gurudumu kubwa la mbao lililozungushiwa waya mweusi, likalazwa uani. Kisha ikasema: ngoja kwanza. Hakuna kifaa kitakachoingia ardhini kabla hakijajaribiwa ndani ya mashine.

Na hapa, jamani, nisiwadanganye, wazo lenyewe halikuwa baya. Unachukua kompyuta moja kubwa yenye feni zinazovuma, na ndani yake unatunga kompyuta nyingine ambayo haipo. Haina chuma, haina msumari, haishiki vumbi. Lakini yenyewe haijui kwamba haipo. Ukiiambia kuwa ni ruta, kile kifaa kinachoyaonyesha maneno ya watu njia ya kupita, inakubali, inaamka, inawatafuta majirani zake na kuwasalimu. Majirani nao hawapo, nao wanaitikia. Unaifungia kadi ya mtandao isiyokuwepo, unaichomekea waya usiokuwepo, na maneno yanapita. Wataalamu wanaziita mashine pepe. Ukikosea, umekosea humo. Ukivunja, umevunja humo, na hakuna aliyeumia. Mwanzoni Sikudhani alizipenda. Alikuwa akikaa mbele ya skrini akiutunga Upande wa Pili kichochoro kwa kichochoro, ruta ya soko, ruta ya zahanati, ruta ya shule, na moyo ukimwambia kwamba kesho haya yote yatakuwa chuma.

Lakini mashine pepe ina jambo jingine: inapigwa picha. Ukiharibu, unairudisha kwenye picha ya jana, na jana inaendelea kana kwamba leo haikutokea. Bwana Shamte, msimamizi wa ukumbi, aliipenda mno picha ya jana. Chochote kilichomkera alikirudisha. Saa ya ukutani ilifuata saa ya mashine, kalenda ikafuata saa, watu wakafuata kalenda. Kuna Jumanne moja ambayo Sikudhani aliiishi mara kumi na moja, akisalimiwa kwa maneno yaleyale na watu walewale wenye mashati yaleyale, na mara ya kumi na moja alijiona kwenye kioo cha choo ana mvi mbili ambazo Jumanne ile haikuwa nazo. Akazing'oa, akarudi kazini.

Sasa sikilizeni desturi yao. Kifaa kikishatungwa, kinaitwa. Unaandika: Upo? Kikijibu Nipo, mpishi wa ukumbi, Bi Kirembo, anapiga sinia kwa upawa mara tatu. Kazi inasimama. Majamvi yanatandikwa, pilau linashushwa, watu wanakula wakipongezana, na katika daftari kubwa inaandikwa kwa wino mwekundu: Soko la Upande wa Pili limeunganishwa. Zahanati ya Upande wa Pili imeunganishwa. Loo! Nani aliunganishwa? Waya ulikuwa uani, panya wamezaa katikati ya gurudumu. Watu wakala. Kula kwa mkono hakuna ubaya, sote tumelelewa hivyo; ubaya ni kwamba walirudi kwenye kibodi kabla ya kunawa. Vitufe viling'aa mafuta. Punje za wali zilinasa katikati ya herufi, zikakauka, zikaota ukungu wa kijani, na mtu akiandika zilisagika chini ya vidole. Sikudhani alikuwa na kitambaa cha kujifutia, na kitambaa chenyewe kilinuka pilau.

Na jambo la mwisho la desturi, kisha niendelee. Kila asubuhi Bwana Shamte aliwaita majina, na kila mtu alijibu "Nipo." Wiki ya kwanza, Sikudhani alipoitwa, mdomo ulimponyoka. "Abee!" alisema, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofunzwa na Bi Mashavu, mtoto wa kike akiitwa na mkubwa wake anaitika abee, hasemi nipo. Nipo ni jibu la kuhesabiwa. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Hapa si jikoni kwa mama yako, binti," Bwana Shamte akamwambia, machozi ya kucheka yakimtoka. "Hapa unasema nipo." Tangu siku hiyo alisema nipo, na lile neno jingine likakaa kooni mpaka akasahau kwamba limekaa.

Asubuhi tunayoizungumzia, Bwana Shamte alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, Bwana Shamte."

"Marahaba, marahaba. Leo tunafunga kazi, binti. Umebaki Mtaa wa Washonaji peke yake. Ruta yake nimekutayarishia mwenyewe jana jioni, usihangaike kutunga. Wewe iite tu, ijibu, kisha uweke dole gumba kwenye hati. Mchana wanakuja kuufukia mtaro."

"Kuufukia?"

"Ee. Kazi si imekwisha?"

"Bwana Shamte, waya bado uko uani."

"Unachukuliwa. Kuna Idara nyingine wanautaka." Akampapasa bega kwa mkono uliolowa mafuta. "Usininunie. Mama yako si yuko Mtaa wa Washonaji? Utamwita leo, atakujibu. Unataka nini zaidi?"

Alitaka nini zaidi! Alitaka mlango. Alitaka waya ufike kwenye mlango wenye komeo la mti, upite juu ya kizingiti kilicholika katikati, na mwanamke aliyekaa ndani na sindano yake ainue uso. Dole gumba lake ndilo lililohitajika, kwa sababu kila mtaa hufungwa na aliyezaliwa humo. Hiyo nayo ilikuwa desturi yao. Akishaliweka, hapatakuwa na mtaro, hapatakuwa na waya, na Bi Mashavu atabaki kule akiwa ameunganishwa kwa wino mwekundu mpaka afe. Asipoliweka, Bwana Shamte atairudisha jana, na kesho atampokea tena mlangoni kwa maneno yaleyale. Alikaa mbele ya skrini. Akaandika: Upo?

Nipo.

Nipo.

Bi Kirembo alikuwa akichungulia, akapiga sinia. Watu wakainuka kwa shangwe, majamvi yakatandikwa, mtu akamvuta Sikudhani mkono akamketisha. Akala. Nataka mjue kwamba alikula. Alikula tonge baada ya tonge kwa mazoea, mafuta yakimchuruzika kiganjani, na wakati huohuo akili yake iliganda kwenye lile jibu la pili. Alikuwa ameuliza mara moja. Kwa nini amejibiwa mara mbili?

Aliinuka kabla ya wenzake, akanawa mpaka kwenye kiwiko, akarudi kwenye skrini.

Kila mashine huzaliwa na namba yake, na namba hiyo ndiyo uso wake. Nyingine zote humtambua mwenzao kwa namba. Ukirudufu mashine, lazima uipe nakala namba mpya, la sivyo zitakuwa mbili zenye uso mmoja, na ukiita moja zitaitika zote. Hili linafundishwa siku ya kwanza. Lakini Idarani, kupata namba mpya kulitaka barua, na barua ilitaka mihuri mitatu, na Bwana Shamte hakuwa mtu wa mihuri. Alirudufu tu. Basi ruta ya Mtaa wa Washonaji aliyoitayarisha jana jioni ilikuwa nakala ya mashine fulani, na mashine hiyo ilikuwa mahali fulani humo ndani, hai, ikijibu. Sikudhani alianza kuitafuta. Alipita sokoni, hayupo mtu. Alipita shuleni, hayupo mtu. Akafika kwenye kundi la mashine ambazo hakuzitunga yeye, zimepangwa safu kwa safu, kila moja na jina. Aliyasoma majina. Yalikuwa majina ya wafanyakazi wa ukumbini.

La kumi na nne lilikuwa SIKUDHANI.

Hakuigusa kwanza. Aliitazama kadi yake ya mtandao, akaona jambo ambalo hakuna ruta yake hata moja iliyokuwa nalo: waya wake haukuishia ndani ya mashine. Ulitoka. Ulipita kwenye kadi ya kweli, ya chuma, ukateremka sakafuni, ukapenya ukutani, ukaenda. Akaifungua kumbukumbu ya mashine ile, ule ukurasa inapoandika yenyewe kila iliyoambiwa na kila ilichojibu. Kila siku, saa sita mchana, mtu alikuwa ameita.

*Sikudhani!*
*Nipo.*
*Si wewe.*

*Sikudhani!*
*Nipo.*
*Si wewe.*

*Sikudhani! Mvua imeingia mpaka chini ya kitanda.*
*Nipo.*
*Si wewe.*

*Sikudhani! Nimeanguka kisimani, mguu umevimba. Wanasema haukuvunjika.*
*Nipo.*
*Haya. Si wewe.*

*Sikudhani! Leo nimeshona kofia, nusu nimeishona upande wa ndani. Macho yamekataa.*
*Nipo.*
*Sikuuliza kama upo.*

Aliteremka na ukurasa. Mwaka ukapita chini ya kidole chake, mwingine ukapita. Hapakuwa na siku iliyorukwa. Jumanne ile iliyorudiwa mara kumi na moja, kule ilikuwa siku kumi na moja tofauti, na mwanamke yule aliita mara kumi na moja.

*Sikudhani! Anayeandika ni jirani, mimi sioni tena. Nasema mimi, anaandika yeye.*
*Nipo.*
*Mama anasema si wewe.*

Na ya jana: *Sikudhani!* Na chini yake: *Nipo.* Na chini yake: *Basi. Kesho.*

Kuwapo ni nini? alijiuliza Sikudhani, na swali hilo halikumjia kama linavyowajia wenye kusoma vitabu, lilimpanda kutoka tumboni. Kuwapo ni kujibu? Basi mashine ilikuwepo, mimi sikuwepo. Ni kuitwa? Basi nilikuwepo kila saa sita, nimeitwa kwa jina langu, hatua kumi kutoka hapa nilipoketi, nikila. Nikila! Kila saa sita hunikuta kwenye sinia. Mama akiita, mimi nikikata tonge. Mama akianguka kisimani, mimi nikiongezewa nyama. Nani basi aliyeishi miaka hii? Aliyekuwa na jina langu alikaa akapokea maneno ya mama yangu yote, hakuelewa hata moja. Mimi ninayeelewa sikupewa. Ukiniweka mimi na yeye kwenye mizani, nani pepe? Nani mashine? Mwenzangu hana mdomo. Hakula.

Ndipo pilau likarudi. Alivuta ndoo ya kudekia, akaipachika kati ya magoti, akatapika kwa sauti, na wenzake kwenye majamvi wakamgeukia, kisha wakaendelea kula. Mkono wake wa kushoto ulishika ndoo. Wa kulia ulibaki kwenye kibodi, na ulikuwa ukifanya kazi.

"Umekula upesi mno," alisema Bwana Shamte, akija na meno yake yakichokonolewa kwa kijiti. Kwenye masharubu kulikuwa na punje ya wali. "Pole. Sasa dole gumba."

"Nani ametengeneza hii?"

"Ipi?"

"Hii yenye jina langu."

Akaitazama skrini, akaitazama ndoo, akageuza uso. "Kaa vizuri kwanza, binti."

"Nimekaa. Nimekaa miaka saba. Nani?"

"Mimi." Akavuta kiti. "Sikiliza. Waya mmoja haukukatika. Mwembamba, wa zamani, wa zahanati yao. Ukapona, sijui vipi. Basi wakawa wanaita. Mchana kutwa wanaita! Huyu anamtaka mwanawe, yule anamtaka mumewe, mwingine anauliza tu bei ya sukari. Watu hapa wangefanya kazi saa ngapi? Tukaweka wanaojibu. Kila mtu humu ana wake, usijione umeonewa peke yako. Hata mimi nina wangu."

"Wewe nani anakuita?"

"Wanangu. Wanne." Alikitupa kijiti. "Wangu anawajibu vizuri kuliko mimi. Hana hasira, hachelewi, hajasema hata siku moja kwamba amechoka."

"Na wao wanasemaje?"

"Sijapata kufungua."

Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayesema hajapata kuonja bamia. Bora angekuwa katili. Katili angefungua, angesoma, angecheka. Huyu aliweka wanawe kwenye safu ya tatu, mashine ya kwanza kushoto, akaenda kunawa. Na hata kunawa hakunawa.

"Mkuu wa Idara anajua?"

"Mkuu anaita kila Ijumaa kuuliza kama tupo. Tumemwekea anayejibu."

"Na yeye mwenyewe?"

Bwana Shamte akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Miaka minne sasa swali lake linaingia sekunde ileile, neno kwa neno. Nadhani naye ameweka wake wa kuuliza."

"Kwa hiyo hakuna anayeuliza na hakuna anayejibu."

"Lakini majibu yanakuja, binti! Yanakuja kwa wakati! Hakuna Idara nyingine yenye majibu kama yetu." Akaifungua hati, akailaza mbele yake, akasogeza kidau cha wino. "Weka dole. Mchana huu wanafukia, na ule mwembamba nao unakatwa. Wa nini tena, na wote wameunganishwa?"

Sikudhani akaangalia saa ya mashine. Saa sita kasoro dakika nne.

"Nikiizima hii?"

"Ala! Uizime ya nini? Namba yake na namba ya kitambulisho chako ni moja, nilizirudufu pamoja. Ukiizima, kesho getini hufunguliwi. Daftarini utakuwa hukuwahi kuja. Na halafu," akainama karibu, pumzi yake ikanuka vitunguu na karafuu, "nitairudisha jana, na utakuwa umejisumbua bure. Utaamka, utaniamkia, nitakupokea mlangoni."

"Jana nimeifuta."

"Umefanya nini?"

"Picha ya jana. Na ya juzi. Zote. Ulipokuwa unachokonoa meno."

Bwana Shamte alisimama ghafla hata kiti kikaanguka. Kwa mara ya kwanza tangu Sikudhani amjue, uso wake ulikuwa na leo ndani yake. Alikimbilia swichi kubwa ya ukutani, ile ya kuzima ukumbi mzima, na mbele ya swichi hiyo akamkuta Bi Kirembo amesimama na sinia lake kifuani. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini.

"Nipishe, Bi Kirembo."

Bi Kirembo hakumtazama. "Mwanangu Sikudhani," alisema, "na mimi ninaye?"

Sikudhani akateremka kwenye safu. "Unaye."

"Nani ananiita?"

"Dada yako. Kila Alhamisi."

"Dada Mwanahawa." Midomo ilimcheza. "Ananiita anataka nini?"

"Anauliza ile namna yako ya kukaangia vitunguu. Anasema vyake vinaungua."

"Na huyo wangu anamwambiaje?"

"Nipo."

Bi Kirembo alilitazama sinia lake. Kisha akauweka upawa sakafuni taratibu, akaketi chini palepale, miguu ameinyoosha, mgongo umeiegemea swichi, na sinia amelipakata. Alikuwa mwanamke mnene, wa kukaa akakalika. "Bwana Shamte," alisema, "utanipita mimi ukishavila hivyo vitunguu vilivyoungua, na hapa havipo. Mwanangu, fanya."

Sikudhani akaizima. Hakukuwa na mlio wala moto. Jina la kumi na nne lilififia, basi. Akauchukua ule waya wa kweli kwenye kadi ya chuma, akauchomoa, akauchomeka kwenye mashine yake mwenyewe. Kitambulisho kilichokuwa kifuani pake kilikuwa na taa ndogo ya kijani. Taa ikazimika. Mwenzake wa jirani, aliyekaa naye bega kwa bega miaka yote, alimtazama kama anayetazama kiti kitupu, akaurudia wali wake. Sikudhani aliiona mikono yake juu ya kibodi chenye ukungu. Ilikuwa michafu, na ilikuwa yake.

Saa sita.

Hakuna kitu.

Dakika moja. Mbili. Bwana Shamte alikuwa akibembeleza, akitisha, akimwita Bi Kirembo dada, akimwita punda. Uani magari ya kufukia yaliwasili. Kokoto za kwanza zilisikika zikimwagwa mtaroni. Jana aliandika Basi, Sikudhani aliwaza. Aliandika Basi. Labda ile ndiyo ilikuwa ya mwisho. Labda siku elfu mbili na mia tano ndizo mtu anazoweza, na leo jirani amemwambia: Mama, pumzika, huyo si mtu. Dakika ya tatu ikapita.

*Sikudhani!*

Hapo ndipo alipoelewa miaka saba ya Si wewe. Mama hakuwa amedanganywa hata siku moja. Mashine zote, picha zote, wino wote mwekundu, na ukumbi mzima wa watu waliosoma, walishindwa kumdanganya mshona kofia kwa sababu walimpa neno ambalo mwanawe asingeweza kumwambia. Aliita, akasikia jibu la kuhesabiwa, akajua, na kesho yake akaita tena. Vidole vya Sikudhani vilikwenda vyenyewe kwenye nipo, kwa mazoea, akavirudisha. Lile neno jingine lilikuwa bado pale kooni lilipoachwa, chini ya mafuta yote yale. Akaliandika.

*Abee, mama.*

Feni zilivuma. Kokoto zilimwagika. Kule ng'ambo jirani alikuwa akisoma kwa sauti, na mtu alikuwa akisikiliza, na baina ya kusoma na kusikiliza pakapita muda ambao hakuna mashine iliyoupiga picha. Kisha skrini ikaandika, herufi kwa herufi, taratibu, si kwa mkono wa jirani aliyezoea. Herufi nyingine zilikosewa zikafutwa. Mtu asiyeona alikuwa ameomba aachiwe kibodi.

*Umekula?*

Sikudhani akaziba mdomo kwa kiganja. Angeweza kusema bado, na tumbo lake lililokuwa tupu lingemtetea. Lakini harufu ilikuwa puani, ladha ilikuwa kwenye meno, na ndoo ilikuwa kati ya magoti yake.

*Nimekula sana, mama,* aliandika. *Kila siku ulipokuwa ukiita. Sasa natapika.*

Safari hii jibu halikuchelewa.

*Tapika yote, mwanangu. Halafu njoo. Fuata waya.*

"Abee, mama," Sikudhani alisema kwa mdomo wake, kwa sauti, mbele ya ukumbi mzima ambao haukumwona, akaiinamia ndoo.